Tairi la gurudumu dogo la karavani

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tuna karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) ya kilo 1,200 iliyotoka Uingereza, ambayo tunaivuta kwa pikapu kati ya Tabora na Kigoma. Gurudumu dogo la mbele, linalobeba shingo ya karavani tukiifungua kwenye gari, lina tairi gumu lililomeguka ukingoni, na kila tukisukuma uani linazama mchangani. Je, tununue jingine kama hilo au tuchukue la upepo?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mchanga wa Tabora chukueni la upepo. Magurudumu haya hutambulika kwa namba mbili za milimita, ya kwanza kipenyo na ya pili upana: gumu lililozoeleka ni 200 kwa 50, la upepo ni 260 kwa 85. Juu ya zege tairi gumu halina kosa, na pancha halipati. Mchangani, uzito wa shingo, ambao kwa karavani kama yenu huwa kilo 60 hadi 84 hivi, hukalia ukanda wa mpira wa upana wa vidole vitatu, nalo huchimba badala ya kuviringika.

Kabla ya kulipa, pimeni bomba la chuma linaloshika gurudumu. Zungusheni uzi kwenye bomba, kisha mpime uzi huo: ukifika sentimita 15 hivi, bomba ni la milimita 48, kipimo cha kawaida cha karavani za Uingereza. Hakikisheni pia kwamba gurudumu jipya, kwa kuwa ni kubwa zaidi, linapanda hadi juu bila kugusa fremu wala fimbo ya breki, maana likining'inia safarini litavunjika kwenye tuta la kwanza. Tairi la toroli, ingawa ni rahisi kulipata, lina kipenyo cha karibu sentimita 40 na halitaenea chini ya shingo.

Miiba ya migunga ndiyo hofu yangu. Nunueni tyubu ya akiba siku hiyohiyo, yenye valvu iliyopinda, kwa sababu kwenye rimu ndogo hivi valvu iliyonyooka haifikiwi na pampu. Msizidishe upepo ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Likijazwa hadi likakakamaa, litachimba kama lile gumu. Mkiegesha kwa siku nyingi, wekeni kipande cha ubao chini yake na mlifunike kwa gunia, kwani jua hupasua mpira hata usipotumika.