Polisi wameongezwa, mbona vibaka hawaishi?

Mkuu, umeuliza kwa nini mitaa ya wanyonge haiishiwi vibaka hata polisi wakiongezwa, na kama tatizo ni malezi. Nimekulia mtaa wa aina hiyo na bado naishi humo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Wahalifu wenyewe ni wachache. Tunawajua kwa majina, na vichochoro wanavyokabia watu tunavijua. Msako ukija hawapo, walishapenyezewa habari. Wanaozolewa ni waliokaa kijiweni wakipiga soga. Jirani yangu alibebwa hivyo akitoka kibaruani, akasota rumande mpaka ndugu wakachangishana. Anarudi kazini, nafasi ina mtu mwingine. Hakuiba hata sindano, lakini siku hizi akiomba kazi na kutaja anapoishi anaambiwa "tutakupigia". Sasa hapo malezi yanaingiaje?

Kubwa zaidi ni woga wa kusema. Kuna mama alimwona aliyevunja nyumba ya mwenzake, akaenda kituoni kutoa taarifa. Hata hajafika nyumbani, aliyetajwa keshajua nani kamtaja. Tangu hapo barabara yetu nzima haioni kitu. Watu wa nje husema tunawaficha wahalifu. Tunajificha wenyewe!

Hili limechunguzwa. Mwaka 1997 mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake walichapisha utafiti wa jiji la Chicago, Marekani, uliohoji wakazi zaidi ya 8,000 katika maeneo 343. Majirani wanapoaminiana na kuwa tayari kuingilia kati, ukatili huwa mdogo, hata kati ya mitaa inayolingana kwa ufukara. Ila umaskini uliorundikana pamoja na kuhamahama ndivyo vinavyoua kuaminiana huko (hii nusu ya pili wanasiasa hawaisomi). Mpangaji anayefukuzwa na kodi kila mara atamkemea mtoto wa nani?

Ajira nayo inasaidia, ingawa si kwa kila kosa. Chicago hiyohiyo, mwaka 2012, wanafunzi wa sekondari kutoka maeneo yenye vurugu walichaguliwa kwa bahati nasibu kupewa kazi za muda wakati wa likizo. Katika miezi 16, kukamatwa kwao kwa makosa ya ukatili kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko waliokosa nafasi. Wizi haukupungua vya kutajika.

Ukiniuliza pa kuanzia, nasema kituoni: jina la mtoa taarifa lisivuje, na afisa anayevujisha afukuzwe kazi. Bila hilo, hata mkiongeza magari ya doria mtaendelea kuzoa wapiga soga.