Kabla hujashona nembo kifuani, ulizia maana yake

Mwanafunzi akishapata gi yake ya kwanza, yaani vazi la mazoezi, anachouliza ni nembo itashonwa lini. Furaha hiyo naielewa na sina nia ya kuizima. Ushauri wangu ni huu: kabla hujaipeleka kwa fundi cherehani, jua nembo hiyo inakudai nini mazoezini. Nembo za shule kubwa za karate na judo ukizisoma vizuri zinakufundisha namna ya kufanya mazoezi, na inasikitisha kumkuta mtu ana mkanda wa kahawia lakini hajawahi kumuuliza sensei (mwalimu) wake kuhusu alama anayoivaa kila jioni.

Nianze na Shotokan, mtindo mmoja wa karate, kwa kuwa ndiyo ninayofundisha. Yule chui milia aliye ndani ya duara, watoto wengi humchukulia kama kibali cha ukali. Nembo ikishafika kifuani tu, utasikia "mimi chui!" na mwenzake keshasukumwa kwenye mstari. Hapo huwaketisha chini nikawasimulia.

Mwaka 1922 Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, sanaa ambayo watu wengi wa huko walikuwa hawaijui. Mchoraji aitwaye Hoan Kosugi alivutiwa nayo, akamhimiza aiandikie kitabu, kwa sababu karate ilikuwa ikirithishwa kwa mdomo na vitendo, mwalimu kwa mwanafunzi. Wajapani wana msemo wao, tora no maki, yaani hati ya chui milia, wanaoutumia kwa kitabu ambacho ndicho tegemeo la fani fulani. Kosugi akamchora chui kwa ajili ya kitabu cha Funakoshi.

Kwa hiyo chui yule anasimama badala ya kitabu. Anayemvaa anajitambulisha kuwa mtu wa kujifunza na kuhifadhi alichofunzwa. Ndiyo maana kwenye dojo yetu, ukumbi wetu wa mazoezi, kila mwanafunzi ana daftari. Mazoezi yakiisha, kabla mikanda haijafunguliwa, tunakaa sakafuni tunaandika: leo kata ipi (mfululizo wa mapigo na hatua uliopangwa), sensei amesahihisha nini, mguu upi ulichelewa kugeuka. Mtoto wa darasa la tatu anaandika sentensi mbili na kuchora mchoro wa nyayo. Inatosha. Akirudi wiki ijayo anafungua ukurasa na kuanzia pale alipoachia.

Wazazi nao wana maswali. Mama mmoja alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sensei, huyu mnyama hana mambo ya mizimu?" Ni swali la haki kabisa, na walimu wenzangu nawaomba wasilipuuze. Nilimweleza habari ya kitabu, nikamwonyesha ile herufi ndogo karibu na mkia wa chui, ambayo ni sahihi ya mchoraji. Nikamwonyesha na duara: kwenye mchoro wa asili halikunyooka, mahali limenenepa, mahali limekonda, kama brashi ilivyopita. Mashine za kudarizi hulisawazisha likawa duara la bikari, na hapo uhai wake wote umepotea. Ukiagiza nembo, mpe fundi picha ya ile ya asili na umsisitizie asilirekebishe.

Kyokushin, mtindo wa karate wa Masutatsu Oyama, wao wana nembo iitwayo kanku, na hii naipenda kwa sababu unaweza kuifanya kwa mikono yako sasa hivi. Unganisha ncha za vidole vya shahada kwa juu na za vidole gumba kwa chini, viganja vikitazama mbele. Inua mikono polepole mpaka juu ya paji la uso, macho yafuate, kisha tazama anga kupitia ule uwazi uliobaki katikati. Ndivyo kata ya Kanku inavyoanza. Ncha za nembo ni vidole, sehemu nene ni vifundo vya mkono, duara la katikati ni kina kisicho na mwisho. Mwanafunzi wa Kyokushin anayeinua mikono haraka haraka ili awahi kupiga ngumi ya kwanza, nembo yake inamkosoa.

Judo ya Kodokan, iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, ina doa jekundu lililozungukwa na umbo jeupe lenye pembe nane. Walimu wa judo hulieleza kuwa ni chuma cha moto kilichofunikwa kwa hariri: nje ulaini, ndani uimara. Mshike mjudoka mzuri utaona. Mikono yake haikukazana, lakini kiuno chake hakihami. Kano ndiye aliyemwalika Funakoshi kuonyesha karate Kodokan, na gi nyeupe na mikanda tunayofunga sisi wa karate vimetokana na judo.

Sasa, wewe unayefungua dojo yako mwenyewe. Usirundike joka, ngumi, jua, ramani ya Afrika na panga mbili kwenye kitambaa cha upana wa kiganja. Chagua kitu kimoja ambacho wanafunzi wako wanakifanya kila siku, halafu mwombe mtoto akichore kwa kalamu bila kuangalia. Akishindwa, punguza. Ukitaka maandishi ya Kijapani, mtafute anayeyasoma ayakague kabla fundi hajawasha mashine, maana herufi ikigeuzwa kushoto kulia hutajua wewe wala fundi. Nembo ya chama ambacho hujajiunga nacho, usiitumie.

Kwa karate na judo mara nyingi nembo hukaa kifua cha kushoto. Ishone kwa uzi imara kuzunguka kingo zote, kwa sababu mwenzako atakushika hapo hapo, na pande za pembeni ndizo huachia mapema. Gi ifuliwe kwanza, ipungue, ndipo ushone; vinginevyo kitambaa kitajikunja chini ya nembo.