Jibu kwa aliyeuliza: binti anashuka Kihispania mwaka wa pili, tufanyeje?

Mkuu, kwa wanaoingia sasa hivi: umesema binti yako yuko bweni Iringa, shule ya mtaala wa kigeni, anasoma Kihispania mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza alikuwa anafaulu vizuri, sasa alama zinaporomoka, na hapo Mbeya hujapata mwalimu wa tuisheni. Waliotangulia wamekushauri umnunulie kitabu kingine. Mimi naona kitabu alichonacho kinatosha. Shida iko kwenye njia anayopitia.

Mwaka wa kwanza ni maneno: salamu, familia, chakula, rangi, na wakati uliopo. Mwenye kumbukumbu nzuri anapita. Mwaka wa pili kazi yote inahamia kwenye kitenzi: nyakati mbili za uliopita, yambwa (anayetendewa), amri, na kuelekea mwisho hali wanayoiita subjuntivo. Vitabu vingi vya shule hizi vimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayefikiri kwa Kiingereza, kwa hiyo vinaanza na shida za Mwingereza. Binti yako ana Kiswahili, na kwenye mambo haya Kiswahili kimekaa karibu na Kihispania kuliko Kiingereza. Mwambie aache kutafsiri kupitia Kiingereza. Nitaonyesha ni wapi hasa, na wapi Kiswahili nacho kinamtega.

Anza na gustar (kupendeza), maana hapo wengi wanaandika "yo gusto". Kwa Kiswahili tunasema "yananipendeza": kitu ndicho kinachotawala kitenzi, mtu anakaa katikati kama yambwa. Me gusta la sopa, supu inanipendeza. Me gustan los aguacates, maparachichi yananipendeza. Me ni "-ni-", te ni "-ku-", le ni "-m-", nos ni "-tu-", les ni "-wa-". Vitenzi encantar, doler, interesar na faltar vinakwenda hivyohivyo: me duelen los pies, miguu inaniuma.

Yambwa nayo vilevile. Le di el libro a María ni "nilimpa Maria kitabu". Ile le inabaki ingawa Maria ametajwa, kama "-m-" inavyobaki. Na ile a ya mtu inayowasumbua Wazungu, veo a María lakini veo el libro, sisi tunayo tayari: "namwona Maria" lakini "naona kitabu". Pa kuangalia ni pawili. Kwanza, Kiswahili kinabeba yambwa moja tu ndani ya kitenzi, Kihispania kinabeba mbili, na le ikikutana na lo inageuka se: se lo di, nilimpa hicho. Pili, kwenye amri ya kukubali viambata hivyo vya yambwa vinahamia nyuma na kuandikwa pamoja, dámelo, lakini amri ya kukataza inavirudisha mbele: no me lo des.

Subjuntivo inaogopwa bure. "Nataka uje", "ni lazima usome", "ili aelewe": hiyo "-e" ya mwisho ndiyo yenyewe. Quiero que vengas, es necesario que estudies, para que entienda. Kuiunda: chukua umbo la yo (mimi) la wakati uliopo, toa o, kisha geuza irabu. Vitenzi vinavyoishia -ar vinapata e (hablo, hable), vya -er na -ir vinapata a (como, coma, tengo, tenga). Sita zinakaririwa: sea, vaya, esté, dé, haya, sepa. Mtego ni dudo que na cuando ya mambo yajayo. Sisi tunasema "nina shaka kama atakuja" na "ukija", bila "-e", lakini Kihispania kinataka dudo que venga na cuando vengas. Hizo akariri, asitegemee masikio.

Sasa nyakati zilizopita, ambako ndiko alama zinakopotea zaidi. "-li-" yetu inabeba kazi mbili ambazo Kihispania kimezitenganisha: pretérito kwa tukio lililofungwa, imperfecto kwa hali au mazoea yaliyokuwa yakiendelea. Mpe kifungu hiki akinakili kwa mkono:

Cuando era niña, vivía en Tukuyu. Llovía casi todos los días y mi abuela vendía plátanos. Un sábado no llovió, fuimos al mercado y vendimos todo antes de las diez.

Ajaribu kila kitenzi kwa "ilikuwa iki-". Mvua ilikuwa ikinyesha karibu kila siku: inakaa, basi llovía. Bibi alikuwa akiuza ndizi: inakaa, vendía. Jumamosi moja haikunyesha, tukaenda sokoni, tukauza zote: hapa "iki-" inaharibu maana, na ile "-ka-" inakuja yenyewe. Panapokaa "-ka-" ni pretérito. Kipimo hiki kinafanya kazi mara nyingi sana, ila si kwenye muda uliotajwa. "Tulikaa Tukuyu miaka mitano" ni muda mrefu, lakini una mwanzo na mwisho, kwa hiyo ni vivimos cinco años. Wanafunzi wanaona miaka mingi wanaweka vivíamos. Pia sabía ni "nilikuwa najua", supe ni "nikapata habari". Conocía ni "nilikuwa namfahamu", conocí ni "nilikutana naye mara ya kwanza".

Na umeona antes de las diez? Ni kabla ya saa nne asubuhi. Saa zetu zinawaponza watoto kwenye mtihani wa kusikiliza: wanasikia las siete, kichwani inakuwa saa saba, wanajaza mchana. Azoee kuhesabu kwa saa ya Kizungu moja kwa moja.

Imperfecto ni rahisi, ina vitenzi vitatu tu visivyofuata kanuni: ser (era), ir (iba), ver (veía). Pretérito ndiyo yenye miiba. Kuna kundi la mizizi iliyobadilika: tuv-, estuv-, pud-, pus-, sup-, quis-, vin-, hic-, dij-, traj-. Zote zinachukua miisho -e, -iste, -o, -imos, -isteis, -ieron, bila alama ya mkazo, isipokuwa za j zinaishia -eron (dijeron), na hic- kwa él (yeye) inaandikwa hizo. Vya -car, -gar, -zar vinabadilika kwenye yo peke yake ili sauti isipotee: busqué, llegué, empecé. Ser na ir zina umbo moja, fui, fuiste, fue, na maana inatokana na sentensi.

Kuhusu "-me-": "nimekula" ni he comido, sawa. Lakini "amechoka" ni está cansado, "amekaa" ni está sentado, "amelala" ni está dormido. Hali iliyobaki inachukua estar. Ser na estar zenyewe hazina shida kubwa kwetu, ni "ni" na "yuko": es profesora, está en Njombe. Mtego ni shughuli. "Harusi iko Mafinga" ni la boda es en Mafinga.

Por na para ziende na barabara anayoijua. Salgo para Iringa, naelekea Iringa. Paso por Makambako, napitia Makambako. Mwisho wa safari ni para, njia ni por. Zaidi ya hapo, bei na sababu ni por, lengo na mlengwa ni para.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zote, ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania mara nyingi kinafanya hivyohivyo, kwa hiyo mtoto wetu anasikika vizuri mwaka mzima wa kwanza. Ikifika pretérito, mazoea hayo yanageuka kosa: hablo ni "naongea", habló ni "aliongea". Akikaza kwa Kiswahili, au akiacha alama kwenye karatasi, amebadilisha mtu na wakati kwa pamoja. Asome kwa sauti akipiga meza kwenye silabi yenye mkazo: HA-blo, ha-BLÓ, tra-BA-jo, tra-ba-JÓ. Mi papá vende papas: baba mwisho, viazi mwanzo. Alama ya ñ isiachwe kamwe, hasa kwenye años (miaka). Bila hiyo alama sentensi ya umri inakuwa matusi. Kwenye simu abonyeze n bila kuachia. Kwenye kompyuta ya Windows yenye vitufe vya namba pembeni, Alt na 164 inatoa ñ. 160 á, 130 é, 161 í, 162 ó, 163 ú.

Matamshi mengine tunayo: ñ ni "ny", j ni "kh" ya kheri, d katikati ya irabu inalegea kuelekea "dh". Anayechanganya r na l, kama wengi huku kwetu, afanye mazoezi ya pero (lakini), perro (mbwa) na pelo (nywele). Asiongeze irabu mwishoni: ni español, si "espanyoli". Na bueno ni silabi mbili, kama "bwe-no".

Namna ya kujifunza: daftari moja la vitenzi, kila kitenzi mstari mmoja wenye safu sita. Mfano: pedir (kuomba), pido (uliopo), pedí (pretérito ya yo), pidió (pretérito ya él), pedido (umbo linalofuata he), pida (subjuntivo). Sita hizo zinatosha kujenga karibu kila umbo lingine, na safu ya nne inafichua vile vinavyobadilika kwa él na ellos (wao) tu, kama durmió na leyó. Vitano kwa siku, akianza na vile 40 au 50 vinavyorudi kila mara. Siku ya sita asiongeze kipya, arudie vyote akiwa ameziba safu kwa karatasi. Kusikiliza achukue dakika moja ya taarifa ya habari inayosomwa polepole, mara ya kwanza bila kalamu, ya pili aandike vitenzi tu, ya tatu ajaze mengine.

Wewe huhitaji kujua Kihispania ili kumsaidia likizo. Shika daftari, mpe sentensi ya Kiswahili: "alikuwa amelala", "wakaja", "nataka alete". Ajibu, akuonyeshe ni safu gani ameitumia na kwa nini. Akikwama zaidi ya sekunde tano weka alama ya penseli, usimtajie, mrudishie hiyohiyo baada ya siku mbili. Akiipata mara tatu mfululizo, futa.