Kabla ya Kutafuta Moduli Nyingine, Funga Lupu Moja

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji anayeanza kujifunza kupiga lupu mubashara, yaani kurekodi kipande cha sauti papo hapo na kukiacha kijirudie, ndani ya programu ya moduli, vijenzi vidogo vya sauti vinavyounganishwa kwa waya kwenye skrini. Aliambatanisha orodha ya moduli 31 alizokwisha kuzipakua, akaniuliza ni zipi anazozikosa ili aweze kusimama peke yake jukwaani, apange tabaka juu ya tabaka, na otomesheni, yaani vitufe vinavyojizungusha vyenyewe, igeuze sauti wakati mikono yake ikiwa kwenye ala. Niliisoma orodha hiyo mara 3. Sote tunaoingia katika kazi hii tunatamani jambo hilohilo: mtu mmoja, kompyuta moja, na muziki unaoujaza ukumbi kana kwamba wanaopiga ni watu 8. Nami nilikuwa na orodha kama hiyo, na ndiyo iliyoniangusha, kwa hiyo naona ni haki nimjibu kwa kueleza yaliyonipata.

Miaka 2 iliyopita nilikubali kufanya onyesho la dakika 20 ilhali nilikuwa na miezi 4 tu ya kujifunza. Pachi yangu, yaani mpangilio mzima wa moduli pamoja na waya zinazoziunganisha, ilikuwa na moduli 64, na wingi huo niliuonea fahari kuliko muziki wenyewe. Wiki moja kabla ya siku yenyewe sauti ilianza kukwaruza, kwa sababu kompyuta haikuwa ikimaliza mahesabu yake kwa wakati. Nikafanya kile ambacho kila anayeanza hushauriwa kufanya: nikaongeza bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia, kutoka sampuli 128 (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti) hadi 1024. Mkwaruzo ukatoweka, nami sikujiuliza utulivu huo umenigharimu nini.

Gharama yake inahesabika. Kompyuta inapofanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 ni takriban milisekunde 21. Sauti huipitia mara 2, inapoingia kutoka kwenye maikrofoni na inapotoka kwenda kwenye spika, hivyo uchelewaji hukaribia milisekunde 43 hata kabla ya kuhesabu ule wa kadi ya sauti yenyewe. Programu nyingi za kurekodi hufidia pengo hilo zenyewe, lakini lupu niliyoiunda mwenyewe kutokana na moduli haikuwa na fidia yoyote. Tabaka langu la kwanza likaingia milisekunde 43 nyuma ya metronomu. La pili nililipiga nikilifuata la kwanza, likachelewa maradufu. La tatu nililipiga nikilifuata la pili, na hapo nikawa nyuma kwa milisekunde 128. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125. Ndiyo kusema kwamba kufikia tabaka la tatu nilikuwa nimeachwa nyuma kwa robo nzima ya pigo, huku ngoma iliyoendeshwa na saa ya programu, yaani moduli inayotoa mapigo, ikibaki mahali pake sahihi. Nyumbani sikuligundua hilo kwa kuwa nilikuwa nikijaribu tabaka mojamoja.

Otomesheni ndiyo iliyomalizia. Nilikuwa nimechora mistari 11 kwa kufuata dakika za onyesho: filta, inayochuja sauti, ifunguke dakika ya 3, mwangwi uongezeke dakika ya 5, na kuendelea. Mistari hiyo haikujua kwamba, kwa kuwa tabaka zilikuwa zimepishana, nimezifuta zote na kuanza upya. Dakika ya 3 ilipofika, filta ilifunguka juu ya ukimya. Nilizima kila kitu katika dakika ya 9, na nilipokuwa nikikunja waya, mwandaaji wa onyesho alinijia akaniambia, mbele ya watu, kwamba siku nyingine afadhali nije na gitaa pekee. Sikumjibu. Maneno hayo yananiuma mpaka leo, na sitaki kujifanya kwamba nimeyasahau.

Sitasimulia miezi iliyofuata, maana ilikuwa ya kurudia jambo lilelile kila jioni: kufunga lupu moja. Nilifuta pachi yote nikabakiza moduli 5, na kwa sababu hiyo tu niliweza kuirudisha bafa hadi sampuli 128, ambazo hazifiki milisekunde 3. Nilichagua vipimo 4 vyenye mapigo 4 kila kimoja. Kwa mwendo wa 120, hizo ni sekunde 8 kamili. Nikaunganisha saa na moduli ya kurekodi ili nikikanyaga kanyagio mapema kidogo, moduli isubiri pigo la kwanza la kipimo. Kisha nikaanza kuusikiliza mshono, yaani pale mwisho wa lupu unapokutana na mwanzo wake. Wimbi la sauti likikatwa katikati hutoa kidoko kidogo kila linapozunguka, na mshono wangu ulitoa kidoko hicho kwa wiki nzima mpaka nilipoweka mfifio, yaani sauti kupanda na kushuka taratibu, wa milisekunde 10 pande zote mbili.

Mrejesho, yaani kiasi cha sauti kinachorudishwa ndani ya lupu kila inapozunguka, nao una hesabu yake. Ukiuacha kwenye asilimia 100, hakuna tabaka linalokufa, na zote hujumlishana mpaka sauti inapasuka. Ukiushusha hadi asilimia 90, kila mzunguko hupunguza kilichotangulia, na baada ya mizunguko 7 ukubwa wa wimbi unakuwa umeshuka chini ya nusu. Kwa lupu ya sekunde 8, hiyo ni chini kidogo ya dakika moja, muda unaotosha kuleta wazo jipya bila kulifukuza la zamani. Nililielewa vizuri zaidi niliposoma jinsi mtunzi wa Marekani, Terry Riley, alivyofanya kazi katika miaka ya 1960 kwa mashine 2 za tepu: ya kwanza ikirekodi, ya pili ikiisoma tepu hiyohiyo mbele kidogo na kuirudishia ya kwanza sauti iliyoisoma. Hapo urefu wa lupu ulikuwa umbali unaopimika kwa rula. Tepu inayokwenda sentimita 19 kwa sekunde, mashine zikitengana kwa mita 1.9, hurudisha sauti baada ya sekunde 10. Hakuna menyu inayoeleza jambo hili waziwazi kiasi hicho.

Ni katika kazi hiyo ya kuchosha nilipong'amua kile ambacho ningependa kila anayeanza akijue tangu siku ya kwanza: lupu na otomesheni ni kitendo kimoja. Lupu hurekodi sauti, na otomesheni hurekodi mkono. Katika VCV Rack, programu ya moduli iliyotolewa mwaka 2017 na ambayo ina toleo la bure, waya unaobeba sauti na waya unaobeba mwendo wa kitufe ni wa namna moja. Vyote viwili ni voltiji, umeme unaoigizwa ndani ya kompyuta, na moduli inayorekodi hiki mara nyingi huweza kurekodi kile. Kwa hiyo niliacha kuchora mistari. Niliweka lupu ya sekunde 8 izunguke, nikashika kitufe cha filta, nikakizungusha kwa mkono nikisikiliza, na mzunguko ulionipendeza nikaurekodi nao uwe lupu. Mkono wangu ulipunguza kasi karibu na kilele, jambo ambalo mistari yangu ya kuchora haikuwahi kulifanya, na filta ikaanza kupumua.

Yale yale ya mshono yakajitokeza tena. Kitufe kikiishia mahali tofauti na kilipoanzia, filta huruka kila duara linapojifunga; dawa yake ni kuurudisha mkono mwanzo kabla ya pigo la mwisho. Ukitumia kidhibiti cha MIDI, yaani kifaa cha vitufe kinachotuma amri za muziki kwenye kompyuta, kumbuka kwamba ujumbe wake wa kawaida una ngazi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127, hivyo mwendo wa polepole husikika kama mtu anayepanda ngazi, na utahitaji moduli ya kulainisha voltiji katikati. Baada ya hapo ndipo raha inapoanza. Otomesheni ya vipimo 3 juu ya lupu ya vipimo 4 hukutana nayo mwanzoni kila baada ya vipimo 12, na katika sekunde hizo 24 lupu ileile husikika kwa sura 3. Zaidi ya hayo, nikifuta tabaka na kuanza upya, otomesheni inaanza upya pamoja nami, kwa kuwa inafuata saa ileile na haifuati dakika za onyesho.

Ndugu zangu mnaoanza, acheni kukusanya. Fungeni lupu moja, muisikilize mpaka mshono usisikike, kisha mrekodi mkono mmoja juu yake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nilipoteza mwaka mzima na sehemu ya heshima yangu kwa kutolijua. Mwezi uliopita nilipiga dakika 22 bila kusimama, kwa moduli 9, na waliokuwepo wakaniomba nikirudie kipande cha mwisho. Nilikirudia kikiwa tofauti, kama inavyopasa, na safari hii nilikunja waya zangu bila haraka.

Nawe uliyeniandikia, nimeipitia orodha yako tena na kuweka alama kwenye moduli 6: saa, ingizo la maikrofoni, kirekodi cha lupu, filta, kirekodi cha voltiji na mikisa ya kuchanganya sauti. Uliniuliza ni zipi unazozikosa. Zote 6 unazo tayari. Hizo nyingine 25 zitoe kwenye pachi kwa sasa, ushushe bafa, na uniletee sekunde 8.