Maswali yenu: malhamu ya Mtaliano, mkojo wa wikendi na mgomba

Mdogo wangu anacheza soka la ligi. Mgeni wa Kitaliano alimwachia malhamu ya vidonda, wenzake wakamtisha kwamba kuna mchezaji wa besiboli aliyefungiwa kwa malhamu ya choa. Ni kweli?
*Dada Mtu, Maweni, Malindi*

Wamekaribia. Fernando Tatis Jr. wa San Diego Padres alifungiwa mechi 80 mwaka 2022 baada ya kukutwa na klostebolo, na mwenyewe alisema ilitoka kwenye dawa ya choa. Klostebolo ni ndugu wa testosteroni, homoni ya kiume. Huko Italia huchanganywa na neomisini, dawa ya kuua bakteria, katika Trofodermin, dawa ya kupaka au kupuliza kwenye jeraha. Kwa hiyo swali lako ni la Malindi hasa, maana wageni wakirudi kwao, mikoba yao ya dawa hubaki na vijana wa ufuoni.

Kwanza litafute boksi. Dawa ya Italia yenye kitu kilichopigwa marufuku huwekewa alama ya duara lililokatwa kwa mstari, ndani yake neno DOPING. Boksi likiwa limetupwa, soma tyubu yenyewe: ukiona *clostebol*, asiipake. Wala wewe usiipake kidoleni kisha ukamkanda mgongo. Mcheza tenisi Jannik Sinner alikutwa nayo mwaka 2024 kupitia mikono ya mkandaji wake aliyekuwa akitibu kidonda cha kidole. Ilikuwa chembe tu, lakini maabara za siku hizi huziona chembe.

Ikiwa ameshaipaka, aitunze tyubu, na siku akipimwa aiandike kwenye fomu, pale panapoulizwa dawa alizotumia siku saba zilizopita. Kuandika hakumwondolei kosa. Kunamsaidia kuonyesha dawa ilikotoka.

Na hizo mechi 80 zisimpumbaze. Msimu wa besiboli Marekani una mechi 162, kwa hiyo ni nusu msimu bila mshahara. Kosa la pili ni mechi 162, la tatu ni maisha. Hayo ni makubaliano ya wenye timu na chama cha wachezaji wao. Mdogo wako yuko chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya (dawa zilizokatazwa michezoni), zinazosimamiwa hapa Kenya na shirika letu la ADAK, na steroidi kama klostebolo kwa mara ya kwanza ni kufungiwa miaka minne, asipothibitisha kwamba hakukusudia.

Barazani tunabishana: Ryan Braun, yule wa besiboli, aliponaje na mkojo wake ulikuwa na pufya?
*Wazee wa Langoni, Lamu*

Aliponea kwenye usafirishaji. Mkojo ulichukuliwa Milwaukee, Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba 2011. Testosteroni ilizidi epitestosteroni, pacha wake wa asili mwilini, mara 20 na ushei, ilhali kwa watu wengi hulingana, na shaka huanza zikifika nne kwa moja. Lakini kanuni ilitaka sampuli ipelekwe FedEx, wasafirishaji wa vifurushi, siku ileile, isipokuwa pawe na sababu isiyo ya kawaida. Mchukuaji aliamini haitasafirishwa kabla ya Jumatatu, akaiweka nyumbani kwake kama saa 44. Februari 2012 msuluhishi akafuta adhabu ya mechi 50.

Lakiri za chupa zilikuwa nzima, na mkojo kukaa siku mbili hauzui testosteroni ya kutengenezwa maabara. Kwa maoni yetu aliokolewa na karatasi. Mwaka uliofuata, katika kashfa ya kliniki ya Biogenesis, alifungiwa mechi 65 na akakiri.

Kwa wanaopimwa huku kwetu, utaratibu wa WADA ni huu. Unachagua chombo mwenyewe, unakojoa afisa wa jinsia yako akitazama, angalau mililita 90. Unamimina mwenyewe: 30 kwenye chupa B, 60 kwenye chupa A, tone linabaki la kupima uzito wa mkojo. Kifuniko kikazwe mpaka kisiweze kurudi nyuma, kisha linganisha namba za chupa na za fomu, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kutia sahihi. Kinachowakwamisha wengi pwani ni maji. Mtu ametoka juani, anabugia chupa tatu ili akojoe haraka, mkojo unakuwa mwepesi kupita kiasi, anaambiwa asubiri atoe mwingine. Kunywa kidogo kidogo, na kinywaji kiwe kimefungwa, ukifungue wewe.

Miraa, mgomba wetu, nayo imekatazwa?
*Mlinda lango, Lamu*

Siku ya mechi, ndiyo. Katini, inayotokana na majani hayo, hairuhusiwi kuzidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, na muguka haukusamehewa. Siku hiyo huanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia mechi, ila kinachopimwa ni kilichobaki mwilini, si saa uliyotafuna. Aliyekesha na mgomba Ijumaa anaweza kuingia nao kwenye chupa Jumamosi alasiri.