Maswali ya Wasomaji: Kukodi Ndege Bila Kuuza Kibanja

Tuko wanane, ukoo mmoja, tunataka kukaa mbuga ya Kidepo siku tatu mwezi wa Desemba. Wazee wawili hawaiwezi barabara. Jeti ya kukodi inaweza kupunguzwa bei vipi? – Msomaji, Jinja

Jeti iacheni kwanza. Viwanja vingi vya mbugani si vya lami, na jeti ndogo nyingi hazitui kwenye changarawe. Kazi hiyo hapa Uganda hufanywa na Cessna Grand Caravan, ndege ya pangaboi yenye injini moja.

Mkikodi ndege nzima hamnunui viti, mnanunua saa za kuruka. Ni kama kuchukua spesho, yaani teksi ya kukodi peke yako, kutoka Kampala hadi Mbale: dereva anarudi mtupu, lakini mafuta ya kurudi umeyalipa wewe. Tuchukue dola 1,500 kwa saa, tarakimu ya kufanyia hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Entebbe hadi Kidepo ni kama saa moja na nusu. Ndege ikiwashusha, ikarudi Entebbe, kisha ikawafuata siku ya tatu, imeruka mara nne. Hizo ni saa sita, dola 9,000, yaani 1,125 kwa kila kichwa.

Ikilala nanyi huko, inaruka saa tatu tu, dola 4,500, mkaongeza malazi ya rubani na maegesho. Inapendeza, sivyo? Sasa ulizeni kima cha chini cha saa kwa siku. Kampuni ikidai saa mbili kila siku, siku tatu ni saa sita, na mmerudi kwenye dola 9,000 zilezile pamoja na chakula cha rubani. Kwa safari ya kulala usiku mmoja ndege ingoje, maana mtalipia saa nne badala ya sita. Kwa siku tatu na zaidi ombeni bei zote mbili kwa maandishi, mlinganishe.

Na kabla ya hayo yote, ulizeni viti vya kawaida. Kampuni ya ndege ya Aerolink huuza kiti kimoja kimoja kutoka Entebbe kwenda mbugani. Kundi la watu watatu au wanne haliwezi kushindana na bei hiyo kwa kukodi. Nyie wanane mnakaribia mahali ambapo kukodi kunaanza kuwa na maana.

Nasikia ndege zinazorudi tupu huuzwa nusu bei. Zinapatikanaje? – Msomaji, Ntinda

Nusu bei ni kweli, na wakati mwingine hushuka zaidi. Ndege imempeleka mteja Nairobi na sharti irudi Entebbe, kwa hiyo chochote utakachotoa ni faida kwa mwenyewe. Lakini tarehe na saa ni za yule mteja wa kwanza. Akiahirisha, safari yako imekufa, na kwa kawaida utarudishiwa pesa bila kutafutiwa ndege nyingine. Usiitumie kuwahi kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho wa wachumba, wala kuunganisha na tiketi isiyorudishiwa pesa. Pia ni ya kwenda tu, kwa hiyo bajeti ya kurudi iwe mkononi.

Piga simu idara za operesheni za kampuni zilizoko kwenye viwanja vya ndege vya Entebbe, Kajjansi na Wilson ya Nairobi. Waachie njia unayoitaka, idadi ya watu, na saa unazohitaji kujiandaa. Anayeweza kuondoka ndani ya saa 24 hupigiwa simu kwanza. Safari ya kuvuka mpaka ipangie Entebbe, si Kajjansi.

Kwa nini abiria wenyewe tunapandishwa kwenye mizani? – Msomaji, Mbarara

Kwa sababu Caravan hairuhusiwi kuruka ikizidi takriban kilo 4,000, mafuta yakiwemo. Viwanja vingi vya mbugani havina pampu, hivyo ndege hubeba mafuta ya kwenda na kurudi. Baada ya hapo hubaki kama kilo 800 na kidogo za watu na mizigo. Wanane wenye kilo 80, kila mmoja na kilo 15 za mzigo, ni 760. Mwongeze mjomba mnene na sanduku la zawadi, kuna kitu kitabaki chini. Kisoro, juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi na mchana wa joto uzito ambao ndege inaweza kubeba hupungua zaidi, basi ombeni safari ya asubuhi. Mabegi yawe laini: sanduku gumu haliingii vizuri kwenye boksi la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege.

Dalali anataka nusu ya pesa leo kwa simu. Nitume? – Msomaji, Arua

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Dai kwanza namba ya ndege iliyoandikwa mkiani: 5X ni ya Uganda, 5Y Kenya, 5H Tanzania. Kisha dai jina la kampuni inayoirusha, nakala ya cheti chake cha AOC, yaani kibali cha kubeba abiria kwa malipo, na ya bima. Kwa kampuni ya Uganda, thibitisha cheti hicho kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA. Ndege ya mtu binafsi isiyo na cheti hicho hairuhusiwi kubeba abiria kwa malipo, na ikianguka bima inaweza kukataa kulipa. Ndege ya 5Y inaweza kukuleta Entebbe kutoka Nairobi, lakini kukutoa Entebbe hadi Arua kunahitaji kibali maalumu. Malipo yaende akaunti ya kampuni yenye jina lilelile la kwenye cheti. Mkataba utaje ada za kutua, maegesho, malazi ya rubani, na kiasi utakachokatwa ukighairi siku saba au siku moja kabla.