Mfadhili yupo, ila hamkumuuliza

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kijana anaweza kutengeneza filamu bila mfadhili?", limenikuta jikoni nakoroga ubuyu. Nimeacha mwiko ndani ya sufuria. Mmesema wapo vijana wanaozunguka mkoa hadi mkoa na kamera begani, wanalala kwa marafiki, na hawadaiwi na mtu. Hapo kwenye "hawadaiwi" ndipo mliponigusa.

Mimi si mtu wa filamu. Nakaa Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya 13, nauza barafu za ubuyu na ukwaju. Lakini mwaka juzi filamu ilikuja kukaa kwangu.

Mwenyewe ni rafiki wa mume wangu, walisoma pamoja, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Alitokea Mwanza. Morogoro alilala kwa mwenzake wa chuo, Korogwe kwa mjomba wa mtu, ndipo akashukia kwetu. Alikuwa anatafuta wazee waliozaliwa kambini kwenye mashamba ya mkonge, watoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba, kabla hawajatuishia. Watu wa Tanga hilo hatuhadithiwi. Mkonge ulianzia Kikogwe kule Pangani mwaka 1893, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 ikafika mizima 62, na kwa ajili ya miche hiyo 62 wakaja watu kutoka Songea, Kigoma mpaka Msumbiji kuja kukata. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa kambini. Basi shemeji akajiona kafika.

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Huyu alisema siku 4. Alikuja mwanzo wa Juni, akaondoka Sabasaba imeshapita. Methali ya mgeni na jembe mnaijua. Nami siku ya tatu nilimtania, nikampa jembe kweli. Akachomoa mpini, akafungia kinasa sauti chake, kile chenye manyoya kama paka aliyenyeshewa, akanishukuru.

Chakula sihesabu, mgeni hula riziki yake. Nahesabu LUKU. Betri zinachajiwa usiku kucha, taa zinawaka mchana kweupe, uniti nilizozoea kumaliza nazo mwezi zikawa zinakata wiki ya pili. Na nahesabu siku moja niliyokwenda Muheza msibani nikalala huko.

Nilirudi kesho yake saa nne asubuhi. Kuanzia kizingitini sakafu nyekundu. Nilipiga kelele, nikajua kimeuawa kitu. Mama mkwe amekaa kwenye kiti chake, miguu ameipandisha juu ya ndoo, anavuta uradi wake kama hakuna lililotokea. Shemeji amepiga magoti anakausha kwa kikoi chake mwenyewe, na kila akikikamua kinatoa ubuyu. Barafu 80 za watoto wa madrasa, zote maji. Na vibua vya chakula cha jioni vimeshaanza kunuka.

"Shemeji, nisamehe. Friji ilikuwa inanguruma, inaingia kwenye sauti ya mama."

"Ukaizima."

"Nikaizima. Ila nisije nikasahau, niliweka ufunguo wa nyumba ndani yake. Watu wa sauti ndivyo wanavyofanya. Mtu hatoki bila ufunguo, akiufuata kwenye friji anakumbuka kuiwasha."

Hesabu nzuri sana. Ila nyumba yetu mchana haifungwi tangu niolewe, maana mama mkwe haondoki. Alfajiri shemeji alibeba kamera akaenda zake Raskazone kupiga picha jua linachomoza, na ufunguo akauacha pale pale, kwenye bakuli la vibua. Niliutoa mwenyewe. Akanipa 5,000. Barafu peke yake zilikuwa 8,000, lakini nilipokea.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika, jibu langu lilikuwa moja: filamu bila mfadhili haipo. Yupo, ni mwanamke, yuko jikoni, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kufadhili. Mnahesabu kamera, mnahesabu kibali cha Bodi ya Filamu, mkeka wa mtu hamuuhesabu.

Lakini niseme na hili, maana nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Mwaka huu alitutumia kipande kwenye simu. Tukaangalia watatu, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Mama mkwe anasimulia alivyokuwa akimfungia baba yake matita ya mkonge, tita moja majani 30, naye akiwa mtoto tu. Kisha anahesabu kama alivyohesabu siku zile, kwa Kimakonde. Miaka 14 nimekaa naye, sijawahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kimakonde. Katikati anakwama, anatafuta namba. Kimya. Na kwenye kile kimya unasikia: to. To. To.

Mama mkwe akageuka akamwangalia mume wangu. "Bomba nani kaliacha wazi?"

Ni barafu zangu zile, zimeshaanza. Shemeji aliandika kwamba anaweza kuufuta ule mlio, kuna programu inaufuta. Nikamwambia auache.

Sasa anataka kurudi kumalizia Pangani, anaomba alale kwetu siku 4. Nimesema aje. Ila baada ya Ramadhani, umeme anunue wake, na friji asiiguse mpaka niwepo. Pale mwishoni kwenye majina ameandika "familia ya Tanga". Nimemwambia hakuna mtu anayeitwa familia ya Tanga, aandike jina langu na kazi yangu. Kama kijana mwingine anasoma hapa na anajipanga kuja, sijamkaribisha, nimemkaribisha huyu mmoja.

Jembe nimelitia mpini mpya. Mume wangu nimemwambia alifiche mvunguni.